Biskuti Sita

Miaka kumi na miwili nyuma, kiwanda cha betri kilipojenga ukumbi wa tindikali, ndugu wawili waligawiwa nguzo za kujenga. Kaka mtu, Fundi, alipewa safu ya kushoto. Mdogo wake alipewa ya kulia, na kwa kuwa alifanya kazi polepole, Fundi alimbandika jina la Kobe.

Kobe hakuwa akimwaga zege kabla ya kufunga biskuti, vile vibonge vya saruji vinavyozuia nondo zisiguse mbao za kumwagia zege, ili chuma kifunikwe vizuri ndani na mvuke wa tindikali usikifikie. Fundi aliona huo ni upuuzi wa kupoteza muda. Lakini mhandisi alimsifu Kobe mbele ya watu, na Fundi roho ikamuuma hadi chakula kikamshinda.

Kobe alipokwenda kula, Fundi akachomoa biskuti sita kwenye nguzo ya nne ya mdogo wake. Kwa kukosa pa kuzificha, akazifunga kwenye nguzo yake ya mwisho. Tangu hapo kila mwaka alikuwa akipita kuichungulia ile ya nne, akiomba ipasuke.

Leo mhandisi mpya kaja na nyundo kuzipima nguzo mbele ya mafundi. Ukarabati utasimamiwa na yule ambaye nguzo zake zimedumu, na Fundi anautaka usimamizi huo kufa na kupona. Nyundo ikagonga safu yake: zege likamong'onyoka, nondo zikachungulia zimeliwa na kutu. Safu ya Kobe ikawa ngumu yote, na ile ya nne vilevile. Fundi akatamani kuipiga teke.

Ikabaki nguzo ya mwisho ya Fundi. Nyundo ikadunda.

"Hii ndiyo kazi," mhandisi akasema. "Nani kaijenga?"

"Kaka yangu," Kobe akajibu haraka.

"Basi Fundi, waeleze wenzako ulifanyaje."

Fundi akamtazama mdogo wake. Kupewa sifa na Kobe kulimchoma kuliko kunyimwa.

"Muulize yeye," akasema. "Biskuti zilizomo humo ni zake. Nilimwibia."

Kobe hakushtuka.

"Najua, kaka. Niliporudi kutoka kula nilihesabu, nikakuta sita hazipo, nikafunga nyingine." Akaipapasa ile nguzo. "Nilipoona umezifunga kwako, nikafurahi. Nikasema angalau nguzo yako moja itasimama."