Mbao Zilizoanzia Juu

Mdomo wangu umeniponza mara nyingi, lakini siku ile ulivuka mipaka. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya nyumba ya mama mmoja mjane, nachokonoa mbao za ukuta kwa bisibisi. Ilizama mpaka kwenye mpini. Nikatazama juu, nikaona sababu, hasira zikanipanda.

"Mpumbavu gani alizipigilia hizi?" nikafoka. "Ubao wa juu ndio unaolalia wa chini, mvua iteremkie nje. Huyu kapanga kinyume! Miaka yote maji yanaingia ndani kama yamealikwa."

Mama alikuwa nyuma yangu, ameshika kikombe changu cha chai.

"Ni marehemu mume wangu," akasema. "Na mimi ndiye niliyemshikia ngazi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikapokea chai kwa mikono miwili, nikainywa ya moto vile vile, ulimi ukaungua. Haki yake.

Mwanawe, aliyeniita kazini, aliegemea gari akichezea funguo. Tulishakubaliana: miimo ya ndani inayobeba ukuta ikiwa imeoza, hakuna kutengeneza. Mama atafungasha, atahamia kwake mjini.

"Unaona, Mama? Ilikosewa tangu mwanzo. Twende zetu."

Mama alinigeukia. Aliniuliza mimi, taratibu, "Fundi, nitabaki?"

Nikaanza kung'oa. Kwa jinsi zilivyopangwa, kila wa chini ukiulalia wa juu yake, ilibidi nianze na za chini, alizopigilia mwisho. Misumari yake ilikuwa imepinda, na nyundo ilikosa shabaha mara nyingi, ikaacha mbao na makovu. Kadiri nilivyopanda, misumari ilinyooka. Ile ya juu kabisa, chini ya ukingo wa paa, hata mimi nisingeipiga vizuri zaidi, na mimi huwa sisifu kazi ya mtu.

Nikashuka. "Mama, huyu alijua kazi. Kwa nini mlianzia juu?"

"Miguu ilikuwa inamwisha. Daktari alishatuambia. Akasema, 'Tumalize za juu wakati bado napanda ngazi, za chini nitapiga nimekaa.' Ubao wa mwisho aliupiga amekalia ndoo. Hakumaliza mwezi."

Funguo zikanyamaza. "Mbona hamkuniambia?" mwanawe akauliza.

"Ulikuwa kwenye mitihani, baba. Alikataa."

Nikainama kukagua miimo, maana macho yangu yalishaanza kunisaliti. Ilikuwa imeoza miguuni tu, kama shubiri moja. Juu ilikuwa mikavu, migumu.

"Naikata hapa, naiunga miguu mipya," nikasema. "Mama, unabaki. Na lile neno langu la asubuhi nimelimeza."

"Yeye angecheka," akasema, akifuta macho kwa upande wa kanga.

Siku tatu nikapigilia mbao mpya kutoka chini, kama inavyotakiwa. Uliposalia ubao wa juu, nikaurudisha ule ule wake. Mwanawe ndiye aliyeshika ngazi. Alikuwa hajaenda popote.

"Fundi," akaniuliza kutoka chini, "angekuwa mzima, angeanzia chini kama wewe?"

"Angeanzia chini."

"Na kwa hali aliyokuwa nayo?"

Nikapiga msumari wa mwisho kwenye tundu lake la zamani. "Kama angeanzia chini, huku juu pangebaki wazi. Shika ngazi vizuri."