Meza ya Kupinduliwa

Mimi ni fundi seremala, na ni mpole, asikudanganye mtu. Mwenye hasira kwetu ni mdogo wangu, bondia. Kabla ya kila pambano, promota huwaita waandishi, huwakalisha mabondia wawili kwenye meza moja, halafu humchokoza mdogo wangu mpaka aipindue. Kinachouza tiketi ni meza, si ngumi. Kwa hiyo lazima ipinduke vizuri: mbao nyepesi, miguu niliyoikata nusu kwa msumeno, gundi kidogo. Nimetengeneza kumi na moja. Fundi gani huomba kazi yake ivunjike?

Safari hii daktari alisema pambano moja zaidi na jicho la kushoto ndiyo basi tena. Mdogo wangu akataka kuacha. Mkataba, ambao promota aliuandika mwenyewe kwa kujiamini kwake, ulisema asipopindua meza mbele ya waandishi, hakuna pambano na kila mtu ashike njia yake. Rahisi, ungedhani. Lakini mdogo wangu akitukaniwa mama, hajui jicho wala mkataba.

Basi meza ya kumi na mbili niliitengeneza kwa mbao ngumu, unene wa kiganja, nikaifunga kwa boliti kwenye sakafu ya ukumbi. Promota hakagui kazi yangu. Nikaiombea dua kama mtoto anayekwenda kufanya mtihani.

Siku ilipofika, promota alianza na nywele za mdogo wangu, akaenda kwa mkewe, kisha akamleta mwalimu wake wa darasa la tatu amsomee kwa sauti alama zake za hesabu. Mdogo wangu akatabasamu, jasho likimtiririka. Hapo promota akamgeukia mama. Sitarudia alichosema.

Mdogo wangu akaishika meza, akajaribu kuinyanyua. Mishipa ya shingo ikamtoka. Meza ikatulia palepale. Akajaribu tena, akainama kuchungulia chini, akaziona boliti, akanitazama. Kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni. Waandishi nao wakacheka, wakafunga madaftari. Mpinzani wake akauliza kama chai bado ipo.

Nikajisemea, jicho limepona.

Promota akashika kipaza sauti akalirudia lile tusi, mara hii polepole ili lieleweke. Alichosahau ni kwamba mimi na mdogo wangu tulinyonya ziwa moja.

Sikumbuki nilivyopita katikati ya viti. Nakumbuka ngumi yangu, na yeye chali, damu puani, kamera zote zimetugeukia. Mdogo wangu alikuwa amenikumbatia kwa nyuma, akiniambia taratibu, "Kaka, basi. Yametosha."

Nilingoja promota aagize polisi waitwe. Badala yake alinitazama kutoka pale chini kwa mapenzi ambayo hata mke wangu hajawahi kunitazama nayo.

"Fundi," akasema, "una kilo ngapi?"

Na mimi, mpole wa watu, nikazitaja.