Mpira Uliobaki Kwenye Filta

Gereji nzima ilimwita Sikio, maana kabla dereva hajamaliza salamu yeye alishasikia injini inaumwa wapi. Mdogo wake wa kike, ambaye wateja walimwita Dada Fundi, alizoea kusimama nyuma yake akiwacheka waliobaki midomo wazi. Siku hizi hakucheka sana. Kaka alikuwa ameanza kufunga vitu kwa kupapasa, huku akijisifu kwamba vidole vyake vina akili kuliko tochi. Dada Fundi aliyachukulia hayo kuwa maringo ya fundi mkongwe.

Asubuhi hiyo lori la maji lilirudi likivutwa kwa mnyororo. Jana yake tu lilifanyiwa sevisi hapohapo, likawekewa oili mpya na filta mpya ya dizeli. Dereva alishuka amefura.

"Limenizimikia katikati ya mlima, na tangi limejaa maji. Linawaka vizuri, linakwenda kidogo, linazima. Kabla sijalileta kwenu lilikuwa zima."

"Dizeli yako chafu," alisema Sikio bila hata kuinuka. "Unanunua ya madumu barabarani, halafu unatusingizia sisi."

Dada Fundi alichota dizeli ya tangi kwenye chupa ya kioo. Ilikuwa safi, haina maji wala takataka. Akalegeza skrubu ya juu ya filta, akabonyeza pampu ya mkono, likatoka povu. Injini ilikuwa ikivuta hewa mahali fulani, na dizeli ikishaingia hewa injini haina ujanja, itazima tu. Akakagua paipu za mafuta na vibanio vyake, kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa vizima. Ikabaki filta yenyewe, na filta aliifunga kaka.

Akaifungua. Mpira mpya wa kuzibia ulikuwa mahali pake, kwenye mdomo wa filta. Lakini juu, pale filta inapokazwa, ulikuwa umeganda mpira wa filta ya zamani, bapa, mweusi, umelowa mafuta. Kwa kidole ungedhani ni chuma. Kwa jicho, hata mtu aliyeanza kazi jana asingeukosa. Mpira juu ya mpira haushiki sawasawa, na hewa ilikuwa ikipenya hapo.

Alibaki ameinamia injini muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Kaka haoni. Alilisema moyoni, likamchoma. Huyu ndiye aliyemfundisha kushika spana wakati baba yao aliposema gereji si mahali pa wasichana. Mtu kama huyo unaanzaje kumwambia, tena mbele ya mteja?

"Umepata nini?" aliuliza Sikio.

"Mpira wa zamani haukutolewa." Kisha akaongeza harakaharaka, macho yake kwa dereva, "Kosa langu. Jana nilifunga mimi, nilikuwa na haraka. Nisamehe, dereva."

 Sikio alijua fika nani aliifunga ile filta. Dada Fundi alingoja, akiomba kimoyomoyo kaka akatae.

"Nimekwambia mara ngapi uache papara?" alisema Sikio, sauti ikazidi kupata nguvu. "Tuwie radhi, dereva. Vijana wa leo hawa."

Dereva akacheka, hasira zikamshuka.

"Haya, malizia hapo," Sikio akaendelea. "Mimi naingia chini ya lile basi la shule. Wanalitaka mchana, breki ziwe tayari."

Akaanza kwenda, mkono mmoja ukigusagusa ukuta. Dada Fundi akaona alichokifanya yeye mwenyewe. Huruma yake ndiyo iliyokuwa ikimpeleka kaka chini ya basi.

"Kaka, hizo breki nitafunga mimi."

"Wewe? Filta imekushinda, utaweza breki?"

"Filta uliifunga wewe." Hakupunguza sauti. "Hukuuona ule mpira. Huoni, kaka. Na lile basi linabeba watoto."

Dereva aliacha kucheka, akajitia kukagua matairi ya lori lake. Sikio alisimama palepale, kidevu kikimcheza. Dada Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze, ila maneno yake hakuyajutia.

"Nilitaka nimalizie mwaka huu tu," alisema kaka taratibu. "Huu tu."

Akatoa spana mfukoni, akamnyooshea. Aliinyoosha kushoto, mahali ambapo mdogo wake hakuwepo. Dada Fundi akasogea hapo, akaipokea.