Gauni la Kwenda Micheweni

Mwaka 1976 cherehani yangu ilikaa barazani pa duka la Gharibu, Kasulu mjini, na kila alasiri tulikuwa tukipanga safari yake ya Pemba. Alizaliwa Micheweni, kaskazini kabisa ya kisiwa hicho, mahali ambapo, kwa maneno yake, upepo haumwachii mtu kofia. Alipokuwa na miaka tisa baba yake alimleta Kasulu kwenye biashara ya nguo, na tangu hapo hakurudi. Ilishapita miaka thelathini. Kule alibaki mama, na mdogo wake wa kike, Shamsia.

Mwezi wa tano ilikuja barua. Alinisomea polepole: "Mama hatunaye, huu mwaka wa pili. Nimebaki mimi. Kaka, njoo. Sura yako inaanza kunipotea."

Safari hiyo aliipanga mwaka 73, akaghairi. Akaipanga tena 75, akaghairi. Safari hii aliapa: ataondoka Julai, arudi kabla ya mfungo. Lori hadi Kigoma, treni hadi Dar es Salaam, meli hadi Unguja, nyingine hadi Pemba.

"Utakaa naye siku ngapi?" nilimuuliza.

"Nne."

"Na njiani?"

Akahesabu vidole. "Kumi na nne, kwenda na kurudi. Meli zikienda vizuri."

Kezia, aliyeuza maharage mbele ya duka, alicheka mpaka akashika ungo. "Mwana wa Pemba! Si bora huyo dada akutumie picha? Na huo upepo wenu, weka mawe mfukoni usije ukapeperushwa."

Mimi upepo nilioujua ni wa huku kwetu, wa Juni, unaokata masikio. Nikamshonea koti zito, ndani nimetia kipande cha blanketi. Gharibu alilivaa juani, akajitazama, akasema, "Hili litafaa." Wakati ule sikuona ajabu yoyote.

Wiki moja kabla ya kuondoka alitoa kitenge kizuri, chekundu na njano, kilichokuja kutoka Burundi kwa njia ya Manyovu. "Fundi, mshonee Shamsia gauni."

"Vipimo?"

Akasimama. Akaweka kiganja usawa wa kiuno chake. "Kimo chake hapa. Na mwembamba, mwembamba sana."

Kezia aliacha kupepeta.

"Huyo ni mtoto wa miaka sita, Gharibu," nilisema. "Dada yako sasa ana thelathini na sita."

Kiganja kilibaki palepale hewani. Kisha akakaa juu ya gunia la chumvi. Nilidhani nimemkosea. Mimi maneno yangu huwa hayana ganda.

"Siendi," alisema.

"Tena?"

"Nitakaa naye siku nne nimwambie nini? Simjui, fundi. Nikikutana naye njiani nitampita. Mama alikufa akiningoja, naye atakuwa na hilo moyoni. Nitakaa kwenye mkeka tutazamane."

Hapo ndipo nilipoelewa ni nini kilichokula zile safari mbili. Hazikuharibiwa na meli wala lori.

Nikachukua mkasi. Nikakata kitenge kipana kuliko mwanamke yeyote wa Kasulu, nikashona mabega na shingo, ubavuni nikaacha wazi pande zote mbili. Nikamtupia mapajani pamoja na sindano, uzi na futi ya kupimia.

"Hizo mbavu utashona wewe, kwa mkono. Ukifika, mwambie asimame, umpime, uanze kazi."

"Pemba kuna mafundi kukushinda wewe."

"Wapo. Lakini hao si kaka zake."

Siku sita zilizobaki hatukuzungumza tena habari za meli. Nilimfundisha kushona kwenye vipande vya kitambaa cha marekani. Alijichoma vidole, akatukana kwa Kiha, maana matusi aliyajua kwa Kiha tu. Kezia alikagua kila mshono. "Huu umelewa," alisema. "Fumua, baba." Akafumua.

Alhamisi asubuhi alipanda lori, gauni limekunjwa ndani ya lile koti.

Alirudi siku mbili kabla ya mfungo. Hakuingia hata dukani. Alikuja moja kwa moja kwenye cherehani, akaweka vipande viwili virefu vya kitenge, vile alivyovikata ubavuni mwa gauni. Nikavipima. Upana wa vidole viwili.

"Loo," nilisema. "Mnene!"

"Ananishinda mara mbili! Fundi, nilipomzungushia futi haikutosha. Akaanza kucheka, nami nikacheka, mpaka majirani wakaja. Siku ya pili nikiwa bado nashona, akaniambia mama alivyokufa. Aliniambia yote, nami nimeinama kwenye sindano."

"Akalivaa?"

"Limepinda upande mmoja. Amelivaa siku zote nne."

"Na koti?"

"Nililikalia kwenye treni. Upepo wa kule ni wa moto, fundi. Nilikuwa nimesahau hata hilo."

Gharibu sasa hayupo Kasulu. Alihama na familia yake kurudi Micheweni, na lile duka linauza dawa za mifugo. Cherehani ninayo bado. Vile vipande viwili vimo kwenye saraka yake. Wateja wengi wameniomba nivitumie kwa viraka, maana rangi haijafifia. Nawaambia vina mwenyewe.