Springi za Gari la Sinema

"Waheshimiwa mabibi na mabwana, wazee kwa vijana, wananchi wa jamhuri changa! Jioni ya leo, kwa hisani ya serikali yenu tukufu, sayansi ya karne ya ishirini itashuka hapa hapa uwanjani na kuwafungua macho!"

Theuri alipofika kwenye neno "macho", jenereta ikazima. Kondoo mmoja akalia. Sayansi ya karne ya ishirini ikangoja kando ya soko la Kangema hadi Mburugu, dereva na mwendesha mashine, aliporudi na petroli aliyoiomba kwa padri.

Theuri alikuwa mfasiri wa gari la sinema. Sinema zilisema Kiingereza, naye akawaambia watu zimesema nini. Ili wasipotee, aliwapa Wazungu walioonekana kwenye shuka jeupe la kuonyeshea majina ya nyumbani. Mtu mwema alikuwa Moffat, mkewe alikuwa Gathoni, na tajiri alikuwa Bwana Mkubwa. Kwanza ilionyeshwa sinema ya kuchimba choo, kisha ya kuogesha ng'ombe, na mwisho ile ambayo watu walikuwa wameijia.

Mwaka huo sinema za mwisho zilitoka katika sanduku ambalo nchi moja rafiki ilikuwa imeitunukia idara ya habari ya serikali. Hakuna aliyezitazama kabla ya kutoa shukrani, na baadaye ikaonekana kuwa zote zilikuwa za aina moja. Mtu mpole anabanwa na mwajiri, anabanwa na hakimu, anabanwa na mvua, halafu siku moja anachoka na kuvunja kila kitu. Mkubwa wa idara alifikiri juu ya jambo hilo, akamwita Theuri.

"Nchi bado ni changa," alisema. "Zionyeshe, ni za bure. Lakini kwa tafsiri yako, mtu asikasirike."

Theuri alianza kutekeleza amri hiyo Majengo, Nyeri, katika sinema ya dereva wa basi. Dereva alikuwa anaendesha basi lake moja kwa moja kuelekea ofisi ya tajiri wake, macho yamemtoka. Theuri akatangaza, "Sasa Moffat ameamua kwenda kuzungumza na Bwana Mkubwa kwa heshima." Dereva wa kwenye shuka akafunga breki. Alikitazama kipaza sauti cha Theuri kwa muda, akashuka, akavua kofia na kubisha mlango. Watu wa Majengo walipiga makofi ya adabu. Muuza maandazi aliuliza kama Moffat atapewa likizo, na Theuri akasema atapewa, ingawa mkanda uliisha Moffat akiwa bado amesimama mlangoni.

Tangu siku hiyo watu wote wa kwenye shuka walitii. Kinyozi aliufunga wembe wake. Karani aliokota karatasi alizokuwa amezirusha. Na kwa kuwa yale ambayo hawakuyafanya yalihitaji mahali pa kukaa, yalikaa ndani ya makopo ya mikanda, na makopo yakawa mazito. Mburugu, mtu wa Meru aliyelipenda gari lile kuliko shemeji zake, ndiye aliyegundua kwanza.

"Theuri, umetia mawe hapa ndani?"

"Ni sinema tu."

"Hii ya kinyozi nilikuwa nabeba na kidole moja. Sasa angalia, springi imelala kabisa!"

"Hakumkata mtu koo. Ndiyo maana."

"Si basi umwache akate, bwana, springi yangu ipone!"

Walipanda kwenda Othaya kwa gia ya kwanza.

Kwa Theuri, Othaya ilikuwa nyumbani. Wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, Theuri akiwa kizuizini, mashamba ya huko yalipimwa upya ili kila mtu apate kipande kimoja badala ya vipande vingi. Kipande cha kando ya mto, ambako baba yake alizikwa chini ya miti ya miwati, kilimwangukia Gatimu, ambaye siku ya kupima ndiye aliyekuwa ameshika kamba. Mama yake, Watiri, alipewa mawe ya juu ya kilima. Kisha uhuru ukaja. Bendera ikabadilishwa, na Gatimu, aliyekuwa sasa chifu, akahudhuria sherehe. Mwezi huu alikuwa amepata miche ya chai.

Mchana wa siku ya sinema, Theuri alikwenda kwake na kofia mkononi.

"Kijana ya Watiri!" Chifu alisema. Theuri alikuwa na mvi. "Nasikia siku hizi unaongea na bomba ya sauti. Umekuja na maneno gani?"

"Ni lile kaburi, Chifu. Shamba siulizi. Naomba tu mahali pa kitanda, pale alipolala baba."

"Mahali pa kitanda." Chifu aliyapima maneno hayo kama mtu anayeonja chumvi. "Nitafikiria. Wewe leta sinema nzuri, isiharibu watu yangu kichwa. Tutaongea kesho."

Theuri alitoka akiwa karibu kuimba. Yeye na Mburugu walitumia alasiri yote kufunga shuka kati ya miti miwili ya sokoni. Jua lilipotua, Chifu aliketi mbele, kwenye sofa iliyoletwa kutoka sebuleni kwake. Hatua chache kutoka hapo Watiri alikaa kwenye nyasi, gunia mabegani.

Sinema ilimhusu mkulima mwembamba mwenye kofia iliyotoboka. Bwana Mkubwa alilitaka shamba lake. Aliuvunja ua wa mkulima huyo, akalipitisha jembe la ng'ombe juu ya kaburi la mtoto wake, na hakimu alipoelezwa alicheka na kuagiza kahawa. Watu wa Othaya walitazama bila kutafuna chochote. Kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Theuri aliona kuwa hawamsikilizi. Hawakuhitaji kuambiwa.

"Moffat!" alipiga kelele Kabura, muuza ndizi. "Wewe ni mwanaume ama ni shati ya kuanika?"

Watu wakacheka. Chifu naye akacheka, maana alipenda utani.

Moffat alikwenda ukutani akachukua shoka. Alitembea kwenye mvua hadi kwa Bwana Mkubwa, akasimama mlangoni, akasema maneno kadhaa kwa sauti ya chini. Akainua shoka. Kisha, kama wenzake wote walivyokwisha kujifunza kufanya, aligeuka kumtazama mfasiri na kungoja.

Mashine iliendelea kuzunguka. Mvua ya kwenye shuka ilisimama hewani. Chifu aligeuka kwenye sofa, si kwa haraka. Watiri hakugeuka. Theuri alikileta kipaza sauti mdomoni, akakishusha, akakileta tena. Aliwaza juu ya mahali pa kitanda, chini ya miwati, ambapo kesho huenda angeweka ua mdogo wa fito.

"Anasema," alitangaza, "samahani, Mheshimiwa. Anasema alikuwa amekosea."

Moffat alimtazama kwa muda mrefu kuliko dereva, kuliko kinyozi. Lakini alikuwa mtu mtiifu. Alishusha shoka, akavua kofia, akainama, na alipoinama shuka halikuweza kumbeba. Kamba zilikatika na akaanguka kwenye nyasi pamoja na shoka lake, rangi ya kijivu kuanzia kofia hadi viatu.

Kabura alimpa ndizi. "Pole," alisema. Chifu alisimama akaishukuru serikali, akawaambia watu kwamba huo ndio mfano wa kufuata. Mburugu alilibeba kopo tupu kwa kidole kimoja hadi kwenye gari, na springi zikainuka.

Asubuhi Theuri alirudi kwa Chifu. Njiani aliona kuwa viatu vyake vinazama kwenye barabara ngumu ya udongo wa murami, ingawa mvua haikuwa imenyesha.

"Sinema ilikuwa nzuri sana," Chifu alisema.

"Asante, Chifu. Na lile neno letu?"

"Ah, hiyo. Jana mkifunga shuka, vijana walikuwa wanamaliza kupanda chai pale. Ningekuambia, lakini sikutaka uharibu sinema."

Theuri alisema, "Asante, Chifu," kwa sababu maneno hayo ndiyo yaliyokuwa karibu. Alishuka hadi mtoni. Miwati ilikuwa imekatwa. Miche ya chai ilikuwa imesimama kwa mistari iliyonyooka, na hakuweza kujua ni upi uliokuwa juu ya baba yake. Alipopanda kurudi, udongo ulimfika kwenye vifundo vya miguu.

Jikoni kwa mama yake alimkuta Moffat ameketi karibu na moto, shoka magotini. Alikuwa ameamka mapema akapasua kuni zote, na Watiri alikuwa amemwekea kikombe. Theuri alikaa kwenye kigoda. Watiri hakumuuliza Chifu amesema nini. Kutoka mlangoni kwake mtu aliweza kuona hadi mtoni.

"Huyu mgeni," alisema, "jana pale kwa mlango alisema nini?"

"Si nilitangaza, maitu? Alisema samahani," Theuri alimjibu mama yake.

"Bomba yako niliisikia. Na mdomo yake niliiona." Alimimina chai. "Mtu wa kuomba msamaha hashiki mpini hivyo."

Theuri alitazama kuni zilizopangwa ukutani. Moffat alikuwa ameacha kunywa.

"Alisema, hapa ni kwetu," Theuri alisema. "Alisema, waliolala hapa ni watu wangu. Toka."

Midomo ya Moffat ilifuata maneno hayo, neno kwa neno, bila sauti. Sauti yake ilikuwa imebaki kwenye mashine.

"Na ile samahani ilikuwa ya nani?"

Kutoka barabarani Mburugu alipiga honi. Walingojewa Majengo.

"Yangu, maitu," Theuri alisema.

Watiri aliitikia kwa kichwa, akasukuma kikombe kingine upande wa Theuri. Theuri alijaribu kuinuka akipokee, lakini kigoda kilikuwa kimezama sakafuni, na magoti yake yalikuwa yamefika kidevuni. Moffat aliweka shoka chini, akampa mkono.