Sauti Niliyoipeleka Shuleni

Binti yetu ana miaka sita, na nyumbani tulimwita Kasuku. Aliongea tangu anapofumbua macho hadi usingizi unapomkatiza katikati ya neno. Kwa hiyo mwalimu wake alipotuita na kutuambia kwamba kwa miezi saba hajamsikia hata akinong'ona, nilidhani amechanganya watoto.

Hakuwa amechanganya. Wenzake walikuwa wameshambandika jina la Bubu. Mwalimu aliuliza, kwa upole wa kuudhi, kama nyumbani mtoto anaongea kweli au ni sisi tunaomsemea. Mke wangu aliinamisha kichwa. Mimi niliona nimeitwa mwongo.

Kazi yangu ni kukagua mizani. Naingia dukani bila taarifa, naweka jiwe langu la kilo moja, na mizani inajisema yenyewe. Kanuni yetu ya kwanza ni kwamba kasoro huonyeshwa mbele ya mwenye mizani, aione kwa macho yake, asije akadai amesingiziwa. Kwa miaka kumi na tisa kanuni hiyo haikuwahi kuniangusha.

Jumamosi nilimrekodi. Alikuwa amepanga viatu vyetu vyote sebuleni, anavifundisha. Simu niliificha chini ya mto wa kochi. Aliita majina, akavigombeza viatu vya mama yake kwa kuchelewa, kisha akaigiza sauti ya mwalimu, ile ya puani: "Wewe wa nyuma, umemeza ulimi? Haya, kaa. Tutakusubiri mpaka uote mvi." Dakika nne na sekunde kumi.

Mke wangu alinikataza kuipeleka. Alinikumbusha kwamba daktari wa watoto, tuliyemwona baada ya kuitwa shuleni, ameshaeleza: si ukaidi, ni hofu inayomkaba koo, na asisukumwe. Nilimjibu kwamba daktari ana maelezo, mimi nina ushahidi.

Jumatatu asubuhi nilimsimamisha mtoto mbele ya meza ya mwalimu, nikaiweka simu juu ya rundo la madaftari, nikabonyeza.

Mwalimu alianza kwa kutabasamu. Ilipofika ile sauti ya puani, tabasamu likamwisha. Mlango ulikuwa wazi, na watoto wawili walioleta chaki walisimama hapo wakicheka kwamba kumbe Bubu ana mdomo. Sikuzima. Niliiacha iishe, kama ninavyosubiri mshale wa mizani utulie. Binti yangu hakulia. Alinitazama mimi, si simu, na soksi yake ya kushoto ilikuwa inalowa.

"Umesikia mwenyewe, mwalimu," nilisema.

Mwalimu alivua mtandio wake, akamfunga mtoto kiunoni. "Nimesikia, baba. Sasa mrudishe nyumbani."

Tangu siku ile haongei nami. Hajanuna: ananiletea ndala, anakaa karibu nami mezani, anaitikia kwa kichwa. Anaongea na mama yake, lakini mimi nisipokuwepo. Nikigusa kitasa, sauti inakatika. Kwa hesabu yake mimi sasa ni wa shule.

Nilijaribu kumwomba radhi. Nilichuchumaa mbele yake, nikamweleza sababu zangu moja baada ya nyingine, na nilipofika ya tatu nikagundua kwamba najitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipigapiga begani, kama mtu anayemtuliza mgeni aliyevunja kikombe.

Daktari alisema tumpe muda, nami nisimshinikize. Safari hii nilitii. Nikitoka kazini siingii ndani moja kwa moja. Nakaa nusu saa kwenye ngazi ya mlangoni, ili amalize maongezi yake na mama yake. Mke wangu ndiye aliyepanga hivyo. Hajanilaumu hata mara moja, na ningependa anilaumu.

Jana jirani yetu, fundi wa redio asiyeacha utani, alinikuta hapo na mkoba wangu wa mawe magotini.

"Vipi shemeji, leo dada yangu kakufukuza?"

Niliitikia kwa kichwa. Ilikuwa rahisi kuliko kumwambia ni nani aliyenifukuza, na kwa nini.

"Pole. Mwombe radhi upesi, usije ukalala na kuku," alisema, akaenda zake akicheka.

Ndani mtoto alikuwa anasimulia kitu kirefu, kwa haraka, akijikatiza na kuanza upya. Maneno sikuyapata. Kisha akanyamaza ghafla. Nikatazama chini: jua la jioni lilikuwa limekisukuma kivuli changu mpaka chini ya mlango.

Nikainuka taratibu, nikaenda kusimama barabarani.