Mikono Ishirini na Minne ya Kushoto

Dada yangu ndiye mkataji wa karakana yetu, na hilo silisemi kwa sauti ndogo. Cherehani sita zinamsubiri yeye. Mimi nashona vifungo tu.

Jumanne ile alikata makoti kumi na mawili ya wauguzi, akasahau kuigeuza karatasi ya kukatia mkono wa koti ili apate na wa kulia. Kitambaa kilikuwa na upande wa nje na wa ndani, kwa hiyo ikatoka mikono ishirini na minne, yote ya kushoto.

Fundi mmoja, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akainua miwili juu. "Jamani, wauguzi wa wapi hawa wasio na kulia?"

Watu wakacheka. Dada aliweka mkasi chini, akatazama ukuta. Hapo ndipo nilipoogopa, maana dada ninayemjua mimi angemjibu Redio mpaka akome.

Nilijua kinachomla. Miezi mitatu chakula alikuwa anakigeuzageuza tu, na kuoga mpaka nimshike mkono. Tulikwenda kliniki, daktari akasema ni sonona, akampa dawa na mshauri wa kuzungumza naye kila Alhamisi asubuhi. Dada akanifunga mdomo. "Wakijua, mkasi watampa mwingine. Nikinyang'anywa mkasi, nabaki na nini?"

Mwenye karakana, ambaye sote tunamwita Shangazi ingawa hana ndugu humo ndani, akaja mezani. Aliipanga mikono miwili, akaipangua.

"Mwanangu, una nini siku hizi?"

Nilishafungua mdomo niseme ni homa. Dada akaniwahi.

"Naumwa sonona, Shangazi. Si uvivu, wala sijarogwa. Natumia dawa, na Alhamisi asubuhi nina mtu wa kuzungumza naye. Nilificha kwa kuogopa utaninyang'anya mkasi. Ukitaka, uchukue. Alhamisi zangu siziachi."

Kichwa hakukiinamisha, na mimi pale kwenye vifungo vyangu nilitamani kila mtu ajue kwamba yule ni wa tumbo moja na mimi.

"Nikampe nani mkasi?" Shangazi akasema. "Redio? Atakata huku anatangaza. Alhamisi nenda. Siku nyingine hukati peke yako. Kabla mkasi haujagusa kitambaa, mtu asimame hapa aseme: kulia, kushoto."

"Kazi ya mdomo niachieni mimi," Redio akasema. Kisha, polepole: "Dada, unisamehe kwa lile la wauguzi."

"Lilikuwa zuri," Dada akamjibu. "Ningekuwa na nguvu, ningelisema mimi kabla yako."

Mchana huo Redio alisimama kwenye kona ya meza, akasema "kulia" mara kumi na mbili, wala hakuongeza neno. Sikuwahi kumwona akijizuia hivyo.

Dada hajapona. Zipo siku anakata koti moja tu, anakaa. Ila Alhamisi iliyofuata mteja mmoja mwenye haraka aliingia, akauliza mkataji yuko wapi, kwani hakuna mwingine wa kushika mkasi?

"Yuko kliniki," Shangazi akasema bila kuinua macho. "Mkasi una mwenyewe. Keti umsubiri."

Mteja akaketi.